Deni la HELB na Shahada ya Hisabati: Ualimu au Takwimu kwa Mtoto wa Lamu?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotoka, jirani yangu, fundi wa majahazi aliyezaliwa Matondoni na kuhamia mtaa wa Langoni baada ya kuoa, alinijia nyumbani usiku baada ya sala ya Isha, mkononi akiwa na daftari la hesabu, lile lenye vijumba. Binti yake alikuwa amepata A- ya hisabati na wastani wa B, na katika ukurasa mmoja wa daftari hilo binti huyo alikuwa amepiga mstari kwa rula kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto aliandika “Ualimu, Kilifi” na upande wa kulia “Hisabati na Takwimu, Nairobi”. Chini ya kila kichwa palikuwa na tarakimu moja tu, yaani mshahara aliousikia kwa watu: kushoto 35,000, kulia 100,000.

“Mwalimu,” baba yake akaniambia, “hesabu hii hata mimi naiweza. Mia moja ni nyingi kuliko thelathini na tano. Lakini mbona moyo haujatulia?”

Moyo wake ulikuwa na haki ya kutotulia, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa na mstari mmoja wa hesabu mahali panapohitaji minne. Haukuonyesha deni ambalo mtoto atatoka nalo chuoni, wala muda atakaokaa kati ya kuhitimu na mshahara wa kwanza wa uhakika, wala gharama ya mahali atakapolala katika muda huo. Nafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Lamu, nilisoma kwa mkopo, na nimeumaliza kuulipa kwa njia ambayo sitaki mwanafunzi wangu yeyote aipitie. Kwa hiyo tuliujaza ukurasa ule upya, na ulinganisho ufuatao ndio uliotokana na kikao hicho, pamoja na mambo niliyoyaongeza baadaye.

Tuanze na deni, kwa kuwa ndilo wazazi wengi hulijua kwa jina tu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wake wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Sisi wa zamani tulikuwa tukipewa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, na ada ya chuo cha umma ilikuwa ndogo. Tangu mwaka 2023 mambo yamebadilika: serikali hulipa sehemu ya ada kama udhamini usiorudishwa, sehemu nyingine huwa mkopo, na sehemu ya tatu hubaki kwa familia, kulingana na hali ya familia yenyewe. Katika mpangilio wa makundi matano uliotumika mwaka 2024, kundi la kwanza, la familia maskini zaidi, lilipata udhamini wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia ikachangia asilimia 5. Kundi la tano lilipata udhamini wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia ikabeba asilimia 40. Juu ya hayo kila mwanafunzi aliweza kupata mkopo wa kujikimu, wa 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, ukishuka kwa 5,000 katika kila kundi hadi 40,000 kwa kundi la tano. Mpango wenyewe ulifika mahakamani, Mahakama Kuu ikaupinga mwezi Desemba 2024, na ada za kozi zikapitiwa upya mwaka 2025. Kwa hiyo kila mzazi asome barua ya mtoto wake mwenyewe na asikubali tarakimu za mtoto wa jirani, zikiwemo hizi zangu.

Kwa wepesi wa hesabu tulichukua kozi inayogharimu 150,000 kwa mwaka, na tukamweka binti katika kundi la pili, lenye udhamini wa asilimia 60, mkopo wa asilimia 30 na mchango wa familia wa asilimia 10. Udhamini unakuwa 90,000, mkopo wa ada 45,000, na baba atatoa 15,000. Ongeza mkopo wa kujikimu wa kundi hilo, 55,000, na mtoto anakopa 100,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa miaka minne. Hapo fundi alinyamaza, akaweka kidole juu ya ile 55,000. Alikuwa ameona jambo ambalo mimi nilichukua miaka kuliona: zaidi ya nusu ya deni la masomo halihusiani na masomo. Ni deni la chakula, kodi ya chumba na nauli, na ukubwa wake unategemea zaidi mahali mwanafunzi anapoishi kuliko somo analosoma.

Deni la 400,000 likilipwa kwa miaka kumi kwa riba ya asilimia 4 inayopungua kadiri deni linavyopungua, rejesho ni kama shilingi 4,050 kwa mwezi, na jumla yake hufika takriban 486,000. Likilipwa kwa miaka sita, rejesho ni kama 6,260 kwa mwezi na jumla ni karibu 451,000. Nakiri kwamba riba hiyo ni nafuu sana ikilinganishwa na mkopo wowote wa benki, na kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Tatizo halimo katika riba. Mhitimu hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, kisha hutakiwa kuanza kulipa, na kila mwezi anaoshindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000. Linganisha hapo: faini ya mwezi mmoja ni kubwa kuliko rejesho la mwezi mmoja la yule anayelipa kwa miaka kumi. Riba ya mwaka mzima wa kwanza kwenye deni la 400,000 ni 16,000, lakini faini za mwaka mzima ni 60,000. Asiyelipa huweza pia kuorodheshwa katika ofisi za kumbukumbu za wadaiwa, zile za CRB, na siku atakapotaka mkopo wa kununua hata mashine ya boti, jina lake litakuwa limeshatangulia.

Nataja hili kwa urefu kwa sababu vijana husoma mitandaoni kwamba deni la masomo si deni la kuogopwa. Maneno hayo yana ukweli wake mahali yalikotoka. Huko England, mwanafunzi aliyeanza chuo kuanzia Agosti 2023 hulipa asilimia 9 tu ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Akipata chini ya hapo halipi chochote, na kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Deni la namna hiyo linamngoja mwenye nalo. La kwetu halimngoji mtu apate kazi, linahesabu miezi.

Mimi nilihitimu mwaka 2012 nikiwa na deni la kama 180,000. Mwaka wa kwanza nilifundisha katika shule moja ya binafsi kwa shilingi 12,000 kwa mwezi, mshahara ambao wakati mwingine ulikuja baada ya wiki tatu, na mwaka wa pili nikawa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa kiasi hichohicho. Barua za kunikumbusha deni zilikuja, nami nikaziweka chini ya godoro bila kuzifungua, nikijiambia kwamba nitaanza kulipa nikipata kazi ya kudumu. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilipoajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, mwaka 2015 nilikuwa nimeruka miezi 20, na faini zilikuwa zimefika 100,000 juu ya deni la 180,000. Laiti ningejua kupiga hodi, kueleza hali yangu na kuanza na kidogo. Rejesho langu, kama ningelitandaza kwa miaka kumi, lingekuwa chini ya 1,900 kwa mwezi. Ningejinyima lakini ningeliweza hata kwa ule mshahara wa 12,000.

Kutokana na hayo, swali ninalowapa wazazi si kozi ipi ina mshahara mkubwa mwishoni. Ni kozi ipi ina kipindi kifupi zaidi cha maji mafu, yaani ule muda ambao mhitimu ameshatoka chuoni, saa ya deni imeshaanza kwenda, na mshahara wa uhakika haujafika.

Sasa upande wa kushoto wa daftari. Shahada ya Elimu ya Sayansi huchukua miaka minne, mazoezi ya kufundisha yakiwemo ndani yake, na mhitimu hutoka akiwa tayari kuomba usajili wa TSC. Sharti ambalo watu hulisahau ni kwamba tume hutaka angalau C+ ya wastani katika KCSE na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Binti wa fundi alikuwa amejaza hisabati na fizikia, kwa kuwa ndivyo marafiki zake walivyojaza, lakini fizikia alipata C kavu. Kama asingeulizwa, huenda angemaliza miaka minne na laki nne za deni ndipo aambiwe kwamba hasajiliki kwa somo lake la pili. Kemia alikuwa na B, tukabadilisha.

Mshahara wa mwalimu wa sekondari mwenye shahada, katika ngazi ya C2 anayoanzia, ulikuwa karibu 35,000 za msingi katika makubaliano ya mwaka 2017 hadi 2021, na umeongezwa kidogo baada ya hapo. Juu yake kuna posho ya nyumba na ya usafiri, na kwa anayefundisha Lamu kuna posho ya mazingira magumu. Hizo hatukuziweka katika hesabu. Tulitaka makadirio yaelemee upande wa tahadhari. Lakini kabla ya ngazi hiyo kuna uwanagenzi. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi hulipwa 20,000 kwa mwezi, na baada ya kukatwa hifadhi ya jamii, bima ya afya na ada ya nyumba hubaki na kama 17,950. Akitoa rejesho la 4,050, hubakiwa na 13,900. Hapo ndipo walimu wengi hulegea, na ndiyo maana mwaka 2024 wanagenzi hao waligoma na kuandamana wakidai ajira ya kudumu. Kwa anayelala kwao Langoni au Mkomani na kula chakula cha nyumbani, 13,900 zinatosha kupita mwezi. Kwa aliyepanga chumba mji wa mbali, hazitoshi.

Je, mahitaji ya walimu wa hisabati yatakuwepo miaka minne ijayo? Hakuna wa kuliapia hilo, ila dalili ni nzuri. Mwezi Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, baada ya kuwa awali ilipangwa isiwe ya lazima kwa wote. Darasa la kwanza la kundi hilo, Gredi ya 10, lilipangwa kuanza Januari 2026. Na kwa niliyoyaona katika ofisi yetu ya walimu, mwenye hisabati na kemia hangoji kama mwenye historia na dini. Hata kabla ya tume kumchukua, shule za miji ya Hindi na Mpeketoni humpigia simu.

Upande wa kulia una mvuto wake na sitaki kuudharau. Shahada ya Sayansi katika hisabati, au hisabati na takwimu, au hisabati na kompyuta, hufungua milango mingi: benki, kampuni za bima, taasisi za utafiti, idara za takwimu, kampuni za simu, na kazi za kuchambua data ambazo hufanywa kwa mbali. Ila milango mingi si sawa na mlango wako. Mwalimu ana tume inayotangaza nafasi kwa jina la somo lake. Mwenye hisabati tupu hana tangazo linaloanza na “Anatakiwa mwanahisabati”. Huingia kwa jina la kitu kingine: mchambuzi, mhasibu msaidizi, afisa wa mikopo, mtayarishaji wa programu. Kwa hiyo thamani ya shahada yake hutegemea kile alichoongeza pembeni, hasa kuandika programu na kutumia takwimu halisi. Anayetoka na nadharia peke yake huwa na akili kali na barua ya maombi isiyo na anwani.

Ile 100,000 ya upande wa kulia binti aliisikia kwa jamaa mmoja aliyefanikiwa. Hapa kuna hesabu ya darasa la nane ambayo watu wazima huisahau. Chukua wahitimu watatu, mmoja analipwa 20,000, wa pili 30,000, wa tatu 160,000. Wastani wao ni 70,000, lakini hakuna hata mmoja anayeukaribia, na yule wa katikati anapata 30,000. Habari zinazotufikia Lamu ni za huyo wa tatu, kwa kuwa ndiye anayekuja sikukuu ya Maulidi na gari la kukodi. Wanafunzi wangu wa zamani waliosoma hisabati bila ualimu na wakarudi kunisimulia, wengi walianza na mshahara wa ishirini na kitu elfu baada ya mwaka au zaidi wa kutafuta; mmoja tu alianza na 70,000, na huyo alikuwa akiandika programu tangu mwaka wa kwanza.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Mkopo wa kujikimu wa 55,000, ukigawanywa kwa miezi minane ya masomo, ni chini ya 6,900 kwa mwezi kwa chumba, chakula, nauli na karatasi. Kilifi, katika Chuo Kikuu cha Pwani, fedha hiyo inabana lakini inafika, na mtoto akiishiwa, basi la kumrudisha nyumbani kwa njia ya Mokowe lipo. Nairobi haifiki, na pengo hujazwa na baba kila mwezi kwa simu. Fundi hulipwa kwa chombo, si kwa mwezi. Huenda akakaa miezi mitatu juu ya jahazi moja kabla ya kuona malipo ya mwisho. Deni la baba kwa muuza mbao haliandikwi popote katika hati za HELB, lakini ni gharama ya shahada vilevile.

Chaguo la kati lililo karibu ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kwa anayetaka hisabati iliyochanganywa na kompyuta bila gharama za Nairobi. Taaluma ya kukadiria hatari kwa ajili ya bima na pensheni ina malipo mazuri sana kwa aliyefika mwisho wake, lakini mwisho wake si shahada. Ni mitihani zaidi ya kumi ya taasisi ya Uingereza, ada zake ni za pauni, na hukaliwa wakati uleule ambao HELB inadai. Simshauri mtoto asiye na mwajiri wa kumlipia. Vyuo vya binafsi, kwa upande wa fedha, niliviondoa mapema, kwa sababu aliyepangiwa huko anaweza kuomba mkopo lakini hapati ule udhamini, na udhamini ndio sehemu tamu ya mpango mzima. Na wanaosema bandari mpya itaajiri kila mtoto, gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, nami bado sijamwona mwanafunzi wangu aliyeajiriwa pale kwa ajili ya hisabati yake.

Tulirudi kwenye daftari tukahesabu miaka sita baada ya kuhitimu kwa kila upande, kwa makadirio ambayo mtu yeyote anaweza kuyabadilisha. Kushoto: mwaka mmoja wa kufundisha kwa bodi ya shule kwa 12,000, ambao ni 144,000, miaka miwili ya uwanagenzi kwa 20,000, ambayo ni 480,000, na miaka mitatu ya ajira ya kudumu kwa 35,000 za msingi, ambayo ni 1,260,000. Jumla ni 1,884,000. Kulia: mwaka mmoja bila kazi, miaka miwili kwa 25,000, ambayo ni 600,000, na miaka mitatu kwa 40,000, ambayo ni 1,440,000. Jumla ni 2,040,000. Upande wa kulia unaongoza kwa 156,000, na binti akatabasamu. Kisha tukatoa kodi ya chumba Nairobi, tukikadiria 8,000 kwa mwezi kwa ile miaka mitano ya kazi, ambayo ni 480,000, hali mwalimu aliyepangiwa kaunti yake analala kwao. Kulia pakabaki 1,560,000, na kushoto pakawa mbele kwa 324,000, kabla ya kutaja posho yoyote.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake na niliueleza. Mwalimu akipangiwa mbali na Lamu, faida ya kulala nyumbani inatoweka. Akikaa miaka yote sita kwa mshahara wa bodi wa 12,000, anapata 864,000 tu, na upande wa kulia unamshinda hata baada ya kodi ya chumba. Kwa upande mwingine, mwenye takwimu akianza na 70,000 kama yule mmoja, hakuna cha kulinganisha. Tofauti kubwa ni kwamba upande wa kushoto tarakimu hazitawanyiki sana, ilhali kulia zimetawanyika mno, na mwenye deni linalohesabu miezi hana nafasi ya kungoja bahati kama asiye na deni. Mtoto wa tajiri wa Malindi mwenye hoteli anaweza kusoma hisabati tupu kwa raha, akakaa miaka mitatu akijifunza programu kwa fedha za baba. Huyo nisingemshauri ualimu.

Jambo jingine ni njia ya kurudi. Mwenye Shahada ya Elimu yenye hisabati anaweza baadaye kusomea uzamili wa takwimu akiwa na mshahara, na nawajua waliofanya hivyo. Mwenye Shahada ya Sayansi anayetaka kuingia ualimu lazima kwanza asome stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mwingine wa ada, mara nyingi wakati ambao faini zimeshaanza.

Bado kulikuwa na swali ambalo fundi aliliacha mpaka kahawa ikaisha, na katika mji huu ni kubwa kuliko yote niliyoyaandika. “Na hiyo asilimia nne, mwalimu, si riba?” Mimi si mwanachuoni na sikutoa fatwa, nilimwambia amuulize sheikh anayemwamini, kama alivyomuuliza alipogawa mirathi ya baba yake, hesabu ya sudusi na thumni ambayo aliifuata vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Nilichoweza kumwambia ni jambo la kiutaratibu. Udhamini na mkopo huombwa katika mtandao mmoja wa serikali, lakini ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kuomba udhamini bila mkopo. Nimeona familia hapa Lamu zilizojiepusha na riba kwa kutofungua mtandao kabisa, zikapoteza na udhamini ambao hauna riba wala marejesho. Katika mfano wetu hizo ni 90,000 kwa mwaka, 360,000 kwa miaka minne, zimeachwa mezani kwa ajili ya jambo lisilohusiana nazo.

Akikataa mkopo, familia inabaki na 60,000 za ada kwa mwaka pamoja na gharama za kuishi. Hapo ndipo basari ya kaunti, ile ya mfuko wa eneo bunge, na mchango wa ukoo huwa na maana, na hapo pia ndipo tofauti ya Kilifi na Nairobi inakuwa uamuzi wenyewe. Fundi ana dada Malindi, na Malindi si mbali na Kilifi. Kulala kwa shangazi siku za mwisho wa wiki na kubeba unga na samaki wakavu kurudi chuoni kunapunguza ile 55,000 bila kumuuliza mtu yeyote. Iwapo mkopo utachukuliwa, kila shilingi ya kujikimu isiyotumika iwekwe kando. Akiweza kuweka 10,000 kwa mwaka, atahitimu na 40,000 mkononi, ambazo ni marejesho ya karibu miezi kumi ya kwanza, yaani ule muda hasa ambao mimi niliweka barua chini ya godoro.

Ushauri wangu kwa binti huyu, kwa alama zake na nyumba yao ilivyo, ulikuwa ualimu wa hisabati na kemia Kilifi, na takwimu liwe chaguo la pili. Baba yake alikubali haraka, kwa namna ya mtu aliyekuwa na jibu lake tangu mlangoni. “Chombo kikikaa pwani bila mnunuzi,” alisema, “mbao zinaliwa na mchwa, na mimi nadaiwa misumari.” Binti hakukubali haraka hivyo. Alilichukua daftari, akaongeza safu ya tatu yenye kichwa “Mombasa, Hisabati na Kompyuta”, akaniuliza gharama ya chumba huko, nami nikampa makadirio ya mwanafunzi wangu anayesoma huko sasa. Alihesabu kimya kwa muda, akafuta mara mbili. Siku ya kujaza chaguo kwenye mtandao wa KUCCPS, unaopangia wanafunzi vyuo, alitangulia kwenye saiba ya Langoni kabla ya baba yake kufika. Aliweka Kilifi la kwanza na Mombasa la pili, na Nairobi akaiacha nje. Kwenye ombi la fedha alijaza sehemu ya udhamini siku hiyohiyo. Sehemu ya mkopo aliiacha wazi hadi Ijumaa, baba yake apate kuonana na sheikh.